Desemba Malindi: tandika mkeka uelekee bahari

Kila ikifika Desemba watu wananiuliza darubini nzuri wapate wapi, na jibu langu ni lile lile, darubini ngoja kwanza, mwezi huu macho yako yanatosha. Sisi wa Malindi tuna bahati jamani. Tuko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta kwa hivyo nyota za kaskazini na za kusini karibu zote zinatupitia, halafu mashariki yetu ni bahari tupu, nyota inatoka majini na wewe waiona hivi hivi.

Anza na Orioni, kundi la nyota ambalo watu wa kale waliliona kama mwindaji aliyevaa mkanda. Katikati ya mwezi, saa mbili usiku, simama ufuoni, nyoosha mkono ukunje ngumi, kisha hesabu ngumi mbili na kitu kutoka pale maji yanapokutana na mbingu. Hapo utaona nyota tatu mstari mmoja, zimekaa mshazari. Huo ndio mkanda. Kushoto kwake kuna nyota nyekundunyekundu, Betelgeuse, na kulia kuna nyeupe yenye buluu kwa mbali, Rigel. Vitabuni Orioni anachorwa amesimama lakini kwetu anatoka baharini amelala ubavu, kwa hivyo usihangaike kumtafuta wima. Mkanda wake unachomoza mashariki, tena mashariki kwelikweli, unatua magharibi, na ikifika saa sita u nusu uko utosini pako, ndio maana mimi nasema mkeka ni muhimu kuliko darubini.

Hiyo Betelgeuse ilinitia wasiwasi sana. Mwisho wa 2019 ilianza kufifia, na kufika Februari 2020 ilikuwa imeshindwa mwanga na Aldebaran, jirani yake ambayo siku zote huwa ndogo kwake, nikawa natoka kila usiku kuzilinganisha na kuna waliosema ndiyo inakufa. Baadaye ikajulikana ilitapika gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaiziba uso.

Sasa panda juu, upande wa kushoto, utakuta kikundi kidogo cha nyota zimesongamana, hicho ni Kilimia. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kweli, Mei kinapotea kwenye mwanga wa jua masika ikiwa imeshika, Juni kinarudi alfajiri. Kusini mashariki, kuanzia saa tatu, kuna Suheli, nyota ya mabaharia, jina ambalo walilitumia pia kwa upande wa kusini.

Vimondo ni usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Hivi vinaitwa Jeminidi na vinatokana na vumbi la jiwe la angani liitwalo Phaethon, lililogunduliwa 1983. Kaa kuanzia saa saba mpaka saa tisa, na tafadhali simu iweke mbali, manake macho yanataka karibu nusu saa kuzoea giza na ukiwasha mara moja tu unaanza upya. Mwezi ukiwa mpevu utaona vichache. Taa za hoteli nazo zinaharibu, mimi hupenda kwenda Mambrui.

Sayari nimeziacha makusudi, zinahamahama kila mwaka.

Ila tarehe 12, Jamhuri, usikose kutoka nje hata dakika kumi. Hapo Ngomeni, kwenye jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Marekani ikaitwa Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu, na ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kusoma eksirei za angani. Iliorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vilisaidia sana kuwafanya wanasayansi waamini kwamba kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, yaani kazi hiyo ilianzia hapa kwetu, watoto wa shule za hapa wanafaa kulijua hili! Shimo lenyewe huwezi kuliona lakini pahali pake wapaona. Saa moja na nusu usiku ipe bahari mgongo, tazama kaskazini magharibi, tafuta nyota nyeupe ya Deneb iko chini chini. Ngumi moja na kidogo kutoka hapo, kushoto na chini kidogo, ndipo penyewe. Wahi tu, kabla ya saa tatu pameshazama.