Je, wajua kwa nini Waingereza huandika "gh" halafu hawaitamki?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza ni maneno gani ya Kiingereza yanayomkosesha alama kwenye imla, na hutasubiri sana kabla hajataja lenye gh. Night ni usiku, light ni mwanga, daughter ni binti, eight ni nane. Katika yote hayo gh imekaa tu, haisikiki. Linakuja laugh, yaani kucheka, gh ileile inakuwa f. Linakuja ghost, mzuka, inakuwa g ya kawaida. Sisi tuliozoea kusoma kila herufi inavyoandikwa tunaona huu ni ukorofi mtupu. Lakini sehemu kubwa ya gh hizo ziliandikwa kwa sababu zilikuwa zinatamkwa.

Miaka elfu moja iliyopita Waingereza waliandika niht, leoht, dohtor na eahta. Hiyo h haikuwa laini kama ya "hapa". Ilikwaruza kooni, karibu na kh unayoisikia kwa mzee wa Lamu au Unguja akisema "kheri" au "sheikh". Mjerumani, ambaye lugha yake ni ndugu wa damu wa Kiingereza, anaitamka hadi leo: Nacht ni usiku, Licht mwanga, Tochter binti, acht nane, recht sawa na right, Macht sawa na might, yaani nguvu. Katika maneno hayo, penye ch kwa Mjerumani, Mwingereza ameweka gh. Hata knight, askari mpanda farasi mwenye cheo, zamani lilikuwa cniht, likitamkwa na k yake mwanzoni na kh yake katikati, nalo lilimaanisha kijana au mtumishi tu. Cheo kilikuja baadaye. Kwa Wajerumani, Knecht amebaki mtumishi.

Basi h iligeukaje kuwa gh? Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kazi ya kuandika ikaangukia mikononi mwa makatibu waliolelewa na kalamu ya Kifaransa. Kwao h peke yake ilikuwa dhaifu mno kubeba sauti nzito kama ile. Kwa muda ilitumika pia herufi moja ya kale iliyofanana na tarakimu 3, lakini nayo ikasukumwa kando. Taratibu gh ikashika nafasi.

Ajabu ni kwamba haikukaa sana kabla sauti yenyewe haijaanza kufa. Katika karne ya 15 na ya 16 watu wa kusini mwa Uingereza, London ikiwemo, waliiacha. Na ndicho kipindi ambacho uchapaji uliingia: William Caxton alifungua mtambo wake Westminster mwaka 1476. Kabla ya hapo kila katibu aliandika anavyosikia, na neno moja lingeweza kuwa na sura tano. Wachapaji polepole wakazoea sura moja, nayo ilikuwa ile ya zamani, yenye gh. Kinywa kikaendelea na safari, maandishi yakabaki palepale. Kule Scotland wapo ambao bado husema nicht, na ziwa wanaliita loch, kh yake ikisikika vizuri kabisa.

Kiswahili kilipokutana na jambo kama hilo kilichukua njia nyingine. Maandishi ya zamani ya pwani yana "khabari" na "kheri". Leo tunaandika habari na heri, kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyosema. Kwa maoni yangu tulifanya la maana.

Sasa hiyo f ya laugh ilitoka wapi? Tazama irabu iliyotangulia. Baada ya i, sauti ile ilitolewa mbele mdomoni, nyepesi kama pumzi, ikayeyuka na kuiachia irabu urefu wake. Baada ya o au u midomo huwa imeviringwa, na kh inayotoka kwenye midomo iliyoviringwa haiko mbali na f. Sehemu nyingine watu waliifuta, sehemu nyingine wakaigeuza f. London, mji wa wahamiaji wa kila upande, ukaokota matamshi huku na kule bila mpango. Ndiyo maana enough, yaani -a kutosha, ina f, na though, yaani ingawa, haina.

Ushahidi wa pande zote mbili umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Wale wazee wanaogombana chini ya mwembe juu ya ubao na vizibo vya soda wanacheza drafti. Neno hilo ni draughts, na f yetu ni ile gh. Mkulima anayelima kwa ng'ombe anatumia plau, ambalo ni plough, na humo gh imepotea kabisa. Waliotuazimia maneno hayo hawakuhangaika na tahajia, waliandika walichosikia.

Zipo pia gh za bandia. Delight, yaani furaha, lilitoka Kifaransa cha kale likiwa delit, bila gh yoyote. Karne ya 16 watu wakalibandika kwa kudhani ni jamaa wa light. Ghost nalo lilikuwa gast. Caxton alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, ambako mzuka uliandikwa gheest, na h hiyo ikajipenyeza kwenye vitabu vya kiwanda chake. Gh ya spaghetti na ghetto ni ya Kiitaliano, ambako h huizuia g isisomwe kama j. Ghetto ni neno la Venice, ambako mwaka 1516 Wayahudi walitengewa mtaa wao. Vijana wetu wamelifanya "geto", chumba cha kupanga cha kapera.

Kwa anayejifunza, mambo yenyewe si mabaya kama yanavyoonekana. Gh mwanzoni mwa neno ni g. Katika igh, gh haitamkwi, kama high, juu, na sigh, kushusha pumzi. Ght nayo iko kimya, isipokuwa laughter, kicheko, na draught, upepo unaopenya ndani, pamoja na ndugu zake. Balaa limebaki kwa ough mwishoni, na hapo hakuna ujanja ila kukariri. Zenye f ni cough, kukohoa, rough, -a kukwaruza, tough, -gumu, na trough, hori la mifugo. Zilizo kimya ni through, kupitia. Dough, unga uliokandwa. Bough, tawi kubwa la mti. Na thorough, -a kina.

Wamarekani walijaribu kupunguza mzigo. Wao huandika plow na draft, na wamefaulu. Gazeti la Chicago Tribune lilikwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 1934 lilianza kuchapa maneno kwa tahajia fupi, zikiwemo tho na thru. Wasomaji walizisoma kwa miongo kadhaa huku watoto wao wakisahihishwa shuleni kwa kuandika vivyo hivyo. Mwaka 1975 gazeti likasalimu amri, likarudi kwenye though na through.