Jiko banifu la kuni: mdomo mpana hauivishi ugali haraka

"Fundi, panua mdomo kidogo, gogo liingie." Huku Njombe naambiwa hivyo karibu kila nyumba ninayoitwa kujenga jiko, na mara nyingi ni nyumba ndogo, familia ya watu wanne au watano. Watu wanaamini mdomo mkubwa unaingiza kuni nyingi, na kuni nyingi zinaivisha haraka.

Si kweli. Mdomo mpana unaingiza hewa ya baridi kupita kiasi. Hewa hiyo inaupooza moto, na gesi zinazotoka kwenye kuni zinakosa joto la kuziwasha, zinapanda juu zikiwa moshi. Huo moshi ni kuni zako ambazo hazijaungua. Ulizinunua, au ulizibeba kichwani kutoka shambani, na sasa zimekuwa masizi kwenye sufuria na kikohozi kwa mtoto uliyembeba mgongoni.

Jiko la mfumo wa roketi, ambao Larry Winiarski aliubuni Oregon, Marekani, miaka ya 1980, kwa familia ndogo linatosha kuwa na mdomo wa sentimita 12 hivi kwa 12. Ndani, njia ya moto inapinda kwenda juu, na moshi unaungulia humo kabla haujaifikia sufuria. Kuni zinalala juu ya kichanja cha bati ili hewa ipite chini yake, ipate joto kwanza. Kati ya sufuria na kingo za jiko tunaacha upenyo wa sentimita 1 hivi, ili moto uilambe sufuria badala ya kukimbilia hewani. Vipimo hivi vinategemeana. Panua mdomo, na wiki ijayo utaniita kulalamika kwamba jiko linatoa moshi.

Gogo haliingii? Lipasue! Kabla ya kununua jiko lolote, nunua shoka dogo zuri. Kuni ziwe na unene wa dole gumba, au zidi kidogo. Weka tatu au nne, ziwake ncha tu, kisha uwe unazisukuma kadiri zinavyoliwa. Anayejaza mdomo mzima anaziba njia ya hewa.

Halafu kuna wanaosema kuni mbichi zinadumu motoni. Zinadumu kwa sababu haziwaki. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na moto wako lazima uyakaushe hayo kwanza ndipo ufikirie maharage. Pasua miwati au mikaratusi mapema, panga chini ya paa penye upepo, ziache miezi sita au zaidi.

Ukuta mnene wa udongo nao hautunzi joto kama wengi wanavyodhani, unalinyonya. Majiko ya Lorena ya udongo na mchanga, yaliyoanzia Guatemala miaka ya 1970, yalikuwa na kasoro hiyohiyo: moto mwingi uliishia kupasha ukuta. Kuzunguka njia ya moto weka kitu chepesi chenye hewa ndani, kama majivu, au matofali ya udongo uliochanganywa na pumba za mpunga. Pumba zikiungua zinaacha vitundu.

Dhana inayonitisha kuliko zote inarudi kila Juni na Julai, baridi ya Makete inapokaza: eti makaa yasiyo na moshi hayana madhara, kwa hiyo jiko linaingizwa chumbani na mlango unafungwa. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko lisilale chumbani hata kama yamebaki makaa machache yaliyofunikwa na majivu. Mtu akiumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu karibu na moto, mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali.