Pipa la bafuni na jiko la korido: maswali ya wakazi wa fleti

Anayehama nyumba ya uani Buguruni kwenda fleti huhama na ndoo zake na jiko lake la mkaa. Simlaumu. Aliyekuwepo Dar mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukaingia, haulizwi kwa nini anaweka akiba. Shida ni namna ya kuiweka.

Tupo ghorofa ya nne, chini hakuna hata dimbwi. Mbu wa dengi atoke wapi?

Bafuni kwako. Mbu huyu, Aedes, ni mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, na anapenda maji yaliyotulia: ndoo, pipa, kisahani cha chini ya chungu cha maua, hata trei ya nyuma ya friji. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Mulika pipa lako kwa tochi ya simu. Ukiona vijidudu vinajipindapinda na kukimbilia chini, hao ni viluwiluwi. Ndani ya siku saba hadi kumi hivi yai limeshakuwa mbu anayeruka.

Namwaga maji kila Jumamosi. Mbona wanarudi?

Umemwaga maji, mayai umeyaacha. Yamenata ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji yanapoishia, meusi na madogo kama masizi. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, ukijaza tena yanaanguliwa. Sugua ndani kwa brashi na sabuni, hasa kwenye ule mstari, ndipo ujaze. Funika kwa mfuniko unaobana, au kipande cha kanga kuukuu kilichokazwa kwa mpira. Halafu mwambie na jirani, maana mbu wake hapigi hodi.

Nina homa, macho yanauma kwa nyuma. Nimeze diklofenaki?

Usimeze. Kama ni dengi, diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu. Tumia paracetamol kwa kipimo chake, kunywa maji mengi, nenda ukapime dengi na malaria. Fizi zikitoa damu, ukitapika mfululizo au tumbo likiuma sana, hata kama homa imeshuka, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Maji ya simtanki la juu ya paa yananyweka?

Yakishachemka na kutokota, ndiyo. Klorini ya mtamboni hupungua maji yakilala tankini, na mfuniko ukipasuka, kunguru wa Dar mnawajua. Kwenye kikao cha wapangaji ulizeni lilioshwa lini.

Gesi ghali. Mkaa kwenye korido una ubaya gani?

Uani jiko lilikuwa na anga zima. Korido haina, na ndani madirisha yamefungwa kwa ajili ya AC. Mkaa uliokolea hautoi moshi, watu wakadhani ni salama, kumbe ndipo unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaua. Mkianza kuumwa kichwa wote kwa pamoja, na kizunguzungu, tokeni nje kwanza; jiko mtalijadili mkiwa nje. Usiliingize chumbani hata mvua ikinyesha.

Kinachomaliza gesi mara nyingi ni maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya sufuria ikiwa imefunikwa. Mtungi utauona unakwenda siku zaidi.