Ubora wa hewa: maana yake, na kazi ya kaunti ya Mombasa

Ubora wa hewa ni kipimo cha vitu visivyotakiwa vilivyochanganyika na hewa tunayovuta: vumbi, masizi, na gesi zitokazo kwenye injini na viwanda. Vikiwa vichache, hewa ni safi. Vikizidi kiasi ambacho mwili unaweza kustahimili, hewa imechafuka. Harufu si kipimo. Jaa linaweza kunuka hadi wapita njia wazibe pua, na bado kinachowadhuru zaidi kikawa ule moshi mwembamba wasioujali.

Zinazohofiwa zaidi ni chembe ziitwazo PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani una maikromita kama 50 hadi 70. Vumbi kubwa hunaswa puani, ukapiga chafya likatoka. Hizi ndogo hupita hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu, ndiyo maana mbali na pumu na kikohozi zinahusishwa pia na kiharusi na maradhi ya moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa, kutoka wastani wa maikrogramu 10 kwa mwaka katika kila mita ya ujazo hadi 5.

Mombasa tuna bahati ya kusi na kaskazi. Lakini upepo hauumalizi moshi, huuhamishia kwa jirani, tena penye magari mengi hauwahi hata kuuhamisha. Pitisha kidole kwenye dirisha la nyumba iliyo kando ya njia ya matrela kule Changamwe au Magongo. Kingetoka na wekundu tungesema ni udongo. Kinatoka cheusi, na hayo ni masizi ya dizeli. Tangu 2015 dizeli ya Kenya inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, hatua kubwa kweli, ila injini kuukuu isiyotunzwa hutoa moshi hata ukiipa mafuta mazuri.

Sasa, ni kazi ya nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, pamoja na uzoaji taka na huduma za afya za kaunti. Hata hivyo bandari ni ya serikali kuu, viwango vya mafuta ni vya serikali kuu, na leseni za moshi wa viwandani hutolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kilicho mikononi mwa kaunti hasa ni taka, na kwa maoni yangu hapo ndipo ingestahili kupimwa kwanza. Lori la taka lisipopita, mtaa hauzikalii: jioni mtu anawasha kibiriti, na plastiki, nepi na makumbi ya madafu yanafuka hadi usiku, watoto wakilala na madirisha wazi kwa sababu ya joto. Basi ratiba ya lori la taka ni jambo la afya sawa na dawa za zahanati.

Jaa la Kibarani, lililokuwa likifuka moshi kwenye lango la kuingilia kisiwani, lilifungwa na mahali pake pakatengenezwa bustani. Waliopita pale kwa matatu zamani wanajua tofauti. Taka zenyewe ziliendelea kupelekwa Mwakirunge, na wakazi wa huko nao wana mapafu.

Uchafuzi usiodhibitiwa mapema hugharimu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilieneza risasi, ile madini yenye sumu, hadi ikaonekana kwenye damu za watoto. Kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo ya malipo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kesi kama hiyo haihitaji kusubiri watu waugue. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa tu, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara.