Futi tatu za mlinzi: kumkaba mfungaji kwenye netiboli

Mlinzi wa netiboli hampokonyi mtu mpira. Mfungaji akishaudaka, huruhusiwi kumgusa wala kuupiga mpira ulio mikononi mwake, na kati ya mguu aliotua nao na mguu wako ulio karibu zaidi lazima pawe na sentimita 90. Hizo ndizo futi tatu zinazotajwa viwanjani. Hupimwa ardhini, si hewani, na humo ndimo ufundi wote ulimo: miguu ikae mbali, mikono ifike karibu.

Wanaohusika ni wanne. GS (goal shooter) na GA (goal attack) ndio pekee wanaofunga. GK (goal keeper) na GD (goal defence) ndio wanaowazuia ndani ya nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 4.9. Ringi iko juu mita 3.05. Mfungaji ana sekunde tatu za kukaa na mpira, na kwa aliyeudakia chini ya ringi hizo ni nyingi mno. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla mpira haujafika.

Simama mbele yake, upande kidogo, uone mpira na yeye kwa pamoja. Kunja magoti, uzito uwe kwenye vidole. Mikono ibaki karibu na mwili. Ukiitandaza kumzibia njia asiye na mpira ukiwa ndani ya futi tatu, hilo nalo ni kosa la kuzuia. Inyooshe unapokwenda kuudaka au kuupangua. Hatari ya kukaba mbele ni mpira wa juu: GS mrefu hukuacha ubaki mbele, kisha anatupiwa nyuma yako. Hapo GD asigande kwa GA wake, ashuke kufunika nyuma.

Mpira umemfikia? Ruka nyuma mara moja, usisubiri kutafakari. Wengi hukosea hapa: wanainua mikono kwanza, miguu inafuata baadaye, na filimbi imeshalia. Pata umbali, simama imara, ndipo uegemee mbele na mkono mmoja juu ya njia ya mpira. Ukipoteza mizani ukamwangukia, au ukaruka ukatua ndani ya futi tatu ukamsumbua kabla hajaachia, ni penalti. Unasimama kando yake bila kushiriki mpaka mpira umtoke mkononi, na mwenzako anabaki peke yake. Lakini yeye akisogeza mguu wa pili kukukaribia, umbali ameupunguza mwenyewe. Kosa si lako.

Umbali huu hauzoeleki kwa kukisia. Kata fimbo ya sentimita 90, chora mistari miwili kwenye vumbi, kisha mwenzako adake na wewe uruke kutoka mstari wa kwanza hadi wa pili, mara 20, macho yakiwa kwenye mpira. Mabinti wengi wanakuta hatua yao ni fupi kuliko walivyodhani.

Mpira ukiachiwa, geuka. Usibaki ukiushangaa angani. Ingia kati ya mfungaji na mlingoti, bila kumsukuma, mmoja wenu akiwa mbele ya ringi na mwingine upande wa pili, maana mpira uliotupwa kutoka pembeni mara nyingi hugonga ringi na kudondokea ng'ambo. Kwenye viwanja vya wazi vya Ilemela na Nyamagana, huku Mwanza, alasiri upepo wa Ziwa Victoria huwa umeshaamka, na mpira wa mbali unaovuka upepo huo husogea. Tazama mitupo ya mazoezi kabla ya mechi ujue unaelekea wapi, kisha GK asimame upande huo.

Na mlingoti usiguswe. Iliyochomekwa bila zege huyumba ukiiegemea kidogo tu, na mlinzi akiutikisa kiasi cha kuvuruga mtupo, mwamuzi anatoa penalti.