Picha Iliyotenganishwa na Maelezo Yake: Serikali ya Australia na Wakimbizi

Tarehe 10 Oktoba 2001, mwezi mmoja kamili kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Australia ilitoa picha mbili za watu wakielea baharini, wamo watoto. Siku tatu nyuma, Waziri wa Uhamiaji alikuwa ametangaza kwamba waomba hifadhi wamewatupa watoto wao majini ili kuishinikiza nchi iwapokee. Picha zikawekwa mezani kama ushahidi.

Picha zilikuwa halisi, ila zilipigwa tarehe 8, boti yao ilipozama na wanamaji wa manowari HMAS Adelaide wakawa wanawaokoa. Maelezo yaliyotaja tarehe na uokoaji huo hayakuufikia umma. Mwaka 2002 kamati ya Seneti ilithibitisha kuwa hakuna mtoto aliyetupwa. Uchaguzi ulikuwa umeshapita, na serikali imeshinda.

Sisi tunaotunza kumbukumbu za picha tunalifundisha tukio hili kila mara, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuichezea picha yenyewe. Kuondoa sentensi mbili chini yake kulitosha kumgeuza mzazi anayeokolewa kuwa mzazi katili. Ndiyo maana tarehe, mahali na mpiga picha ni mambo ya kuulizia kabla hujamhukumu aliyemo pichani.

Kamati hiyohiyo ilielezwa na afisa wa Wizara ya Ulinzi kwamba palikuwa na maelekezo kusiwe na picha zinazoonyesha ubinadamu wa waomba hifadhi. Kwangu mimi, hili ni zito kuliko zile picha mbili. Uongo wa maelezo hufichuliwa siku moja; sura ambayo haikupigwa haipatikani tena, na msomaji amebaki na kundi la watu wadogowadogo juu ya sitaha, wasio na macho.

Nchi hiyohiyo ilijua kusogeza kamera karibu. Novemba 1947, meli ya kwanza ya wakimbizi wa Vita vya Pili vya Dunia kutoka nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) ilipofika, wapiga picha wa serikali walipiga nyuso: vijana wanaotabasamu, wenye afya, tayari kwa kazi. Sera ya wakati ule ilitaka wahamiaji weupe, na picha zililenga kuwatuliza wenyeji. Wazee na wagonjwa walioachwa katika kambi za wakimbizi Ulaya hawamo.