Laini iliyozimwa si laini iliyokufa

Usiku mmoja wa masika tulikuwa tunaunganisha waya wa kilovolti 11 uliokatwa na mti. Swichi ya kituo cha umeme ilikuwa wazi, yaani imekata umeme, na imetiwa kufuli, kibali cha kazi kimesainiwa. Mwenzangu akainua fimbo yenye kipima hadi kwenye waya. Kikalia.

Kituoni hapakuwa na kosa. Umeme ulikuwa unatoka mtaani.

Tulifuata laini mpaka nyumba ya wageni pembezoni mwa mji, iliyokuwa karibu peke yake kwenye transfoma. Jenereta inanguruma uani, imechomekwa kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi ncha zote mbili, na meni swichi haijazimwa. Transfoma haichagui upande. Kwa kawaida hupokea volti 11,000 na kutoa 230 za nyumbani. Ukiisukumia 230 kutoka chini, juu zinatoka 11,000. Watu husema jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa mzima, itazima. Mara nyingi ni kweli. Lakini waya ukiwa umekatika na hakuna majirani wa kula umeme huo, haina mzigo wa kuizima, na fundi aliye juu ya nguzo anakutana na msongo kamili, yaani volti zote 11,000.

Ndiyo maana nawasihi vijana wanaoanza kazi hii: kuzima ni nusu tu. Pima, na kipima chenyewe kijaribu kabla na baada, kwa sababu kipima kibovu nacho hukaa kimya. Kisha funga ethi za muda, yaani nyaya za kuunganisha laini na ardhi, pande zote mbili za mahali unapofanyia kazi. Anza na ncha ya ardhini, ndipo upandishe za juu kwa fimbo. Ukianza juu, ncha iliyobaki mkononi inaweza kubeba msongo wote wa laini. Kuzitoa ni kinyume chake. Nimewahi kuona ethi zikiachwa garini kwa sababu kazi ni "ya dakika tano", na hilo linaniumiza hadi leo. Ethi hukulinda pia pale laini yako inapopita sambamba na nyingine yenye umeme, maana waya uliozimwa hupokea msongo kutoka kwa jirani yake bila kuguswa.

Kwa wenye jenereta, dawa ni swichi ya kubadilishia, ile chenjiova: ikishika jenereta imeachia laini, haiwezi kushika zote mbili. Iwekwe na fundi mwenye leseni.

Mwenye nyumba ile alitoka na tochi, akatusalimia vizuri, akazima jenereta tulipomwomba. Hakuwa mtu mbaya. Alituuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani umeme si umekatika?"